Kilichobaki Mkononi: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia, na nimefurahi sana kusikia umemaliza mafunzo ya ile mashine mpya. Juzi kwenye simu uliniuliza jambo, nikacheka kisha nikabadilisha mazungumzo. Ulisema: "Baba, kila mkikutana na wenzako mnazungumzia helikopta za zamani tu. Zilikuwa na kelele, zilikwenda polepole, hazikuwa na kompyuta, na nyingine ziliwaua rafiki zenu. Mnazikumbukia nini hasa?" Niliona si swali la kujibiwa kwa simu. Nimelala nalo siku nne, leo nimekaa kukujibu.

Nianze na mkono wangu wa kushoto, maana sehemu kubwa ya jibu iko huko.

Mimi nilijifunzia Bell 47, helikopta ya kwanza duniani kupewa cheti cha matumizi ya kiraia, tarehe 8 Machi 1946, huko Marekani. Sura yake unaijua: kioo cha mviringo kama povu la sabuni, mkia wa vyuma vitupu kama ngazi iliyolazwa, na kwenye kichwa cha mapanga yake mawili fimbo yenye uzito kila ncha, imekaa msalaba. Fimbo ile ya kutuliza mapanga ni kazi ya Arthur Young, aliyeanza kuunda vihelikopta vya mfano mwaka 1928 na hakuchoka mpaka alipoingia kampuni ya Bell mwaka 1941. Miaka 13 ya kuunda, kuvunja na kuunda tena. Sikuwahi kumwona mtu huyo, lakini nilikuwa nikimshukuru kimoyomoyo kila nilipoikagua fimbo ile asubuhi.

Wenzo wa kushoto ulikuwa na kishikio cha kuzungusha, kama cha pikipiki. Kwenye mashine yako, ukiuinua, kompyuta inapima mafuta yenyewe na mzunguko wa mapanga unabaki palepale. Kwetu kulikuwa na kiungo cha chuma kilichosaidia kidogo, na kilichobaki kilikuwa kazi ya kifundo cha mkono. Ukiinua wenzo, mapanga yanaikamata hewa zaidi, yanalemewa, mzunguko unashuka. Basi unazungusha mafuta. Ukizungusha mafuta, pua inakimbilia kulia; basi pedali ya mguu wa kushoto. Ukikanyaga mguu wa kushoto, panga la mkiani nalo linadai nguvu yake kwa injini. Basi mafuta tena, unywele tu. Mkono wa kulia wakati huohuo unaizuia mashine isiteleze. Hukuweza kugusa kitu kimoja vingine vikatulia.

Saa kumi za kwanza nilipigana nayo. Niliukaba wenzo kama mtu anayezama. Mwalimu wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja, tukiwa tumeelea kimo cha mtu, akavua kofia yake akaifunika geji ya mizunguko, ile yenye mishale miwili, mmoja wa injini na mmoja wa mapanga. "Endelea," akasema. Nikadhani anatania. Injini ile ilizunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, na mpaka siku hiyo macho yangu hayakuwa yakibanduka kwenye ile mishale. Sasa sikuwa na pa kutazama.

Ndipo nikaanza kusikia. Katika hiyo kelele unayoitaja mlikuwa na sauti tatu: injini inayonguruma mgongoni, giaboksi inayolia kwa wembamba juu yake, na mapanga yanayopiga kwa mapigo. Mzunguko ukishuka, sauti ya injini ilinenepa na mtetemo wa kiti ukawa mzito na wa polepole. Ukipanda, kila kitu kilikaza, hata meno. Kifundo changu kikaanza kujibu kabla sijafikiri. Baada ya robo saa hivi mwalimu akaiondoa kofia, na mishale yote miwili ilikuwa ndani ya alama ya kijani. Akaivaa kofia yake, asiseme neno. Nilishuka shati limenilowa mgongo mzima. Hadi leo, na mama yako ni shahidi, nikiwa abiria kwenye gari linalopanda mlima, mkono wangu wa kushoto unazunguka taratibu juu ya goti.

Kwa hiyo ile kelele, mwanangu, ndiyo iliyokuwa geji yetu ya kwanza.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote hakikuwa na umeme. Kilikuwa uzi. Tuliubandika kwa gundi katikati ya kioo cha mbele, nje, na upepo ukaulaza. Ukilala katikati, unakwenda sawa. Ukiinama upande, jua mashine inakwenda kwa ubavu, nawe unakanyaga upande ambao uzi unaukimbia. Haukuharibika, haukuhitaji kupimwa, na haukuwahi kunidanganya. Kuna jioni nimetua nikagundua kwamba safari nzima nilikuwa nimeangalia uzi ule na ardhi tu.

Halafu kuna mafundi. Mkikaa kuzungumzia ndege mnawataja marubani, lakini mimi nikifumba macho namwona fundi wetu na bendera yake. Mapanga mawili yakipishana kimo, hata kwa upana wa kidole, mashine inakutikisa kutwa nzima. Sasa mnapima kwa vifaa vya kompyuta. Zamani fundi alipaka chaki kwenye ncha za mapanga, panga moja jekundu, jingine la bluu. Kisha akasimama kando na mti mrefu uliobeba kitambaa cheupe kilichovutwa wima, mimi nikiwa ndani nimewasha, mapanga yanazunguka. Akausogeza ule mti taratibu, kama mtu anayesogeza mlango wa chumba alimolala mtoto, mpaka ncha zikagusa kitambaa. Tap. Akarudi nyuma.

Nilikuwa sipumui. Mtu amesimama kando ya mapanga yangu ameshika mti, na kutetereka kwangu kokote kungemfikia. Tunazima, tunakwenda kutazama kitambaa: alama nyekundu juu, ya bluu chini. Anachukua koleo, anakipinda kile kibati kidogo cha nyuma ya panga, anakitazama kwa jicho moja, anakipinda tena. Tunawasha upya. Siku ninayoikumbuka zaidi tulirudia mara nne, na mara ya nne alama mbili zikapandana kwenye kitambaa zikawa moja ya zambarau. Nilipoinua wenzo, mtikisiko wa miguuni ulikuwa umekwisha. Fundi akakikunja kile kitambaa akakiweka mfukoni. Kazi ile ilikuwa ya hatari na ni vizuri imeachwa. Lakini niliporuka kesho yake nilijua ni mkono wa nani uliokipinda kibati kile, nao ulikuwa na kovu kwenye kidole gumba.

Injini za turbini zilipokuja nilihamia Alouette, helikopta za Kifaransa. Ile ya pili, Alouette II, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 12 Machi 1955 ikiwa na injini ya Artouste ya Turbomeca. Mimi nilipewa Alouette III. Sasa, mapanga ya Wafaransa yanazunguka kinyume na ya Wamarekani, na mwalimu alinieleza hivyo vizuri darasani, nami nikaandika kwenye daftari. Lakini miguu haisomi daftari. Niliinua wenzo, mguu wa kushoto ukakanyaga wenyewe kama ulivyozoea, pua ikazunguka kama mlango uliopigwa teke. Mwalimu aliituliza kwa mguu wake wa kulia. Wiki nzima nilikuwa nikikaa kwenye kiti cha kawaida nyumbani, nafumba macho, nainua mkono wa kushoto na kukanyaga kulia, mara hamsini kila usiku.

Baadaye niliipenda mno. Injini yake ilikaa kwenye mizunguko 33,500 kwa dakika, ikatoa mlio mmoja mwembamba usiobadilika, na kifundo changu kikapumzika kwa mara ya kwanza. Ndugu yake, Lama, ilikuwa na mwili wa Alouette II na injini na mapanga ya Alouette III. Kwa mashine hiyo Jean Boulet, rubani wa majaribio Mfaransa, alipanda mita 12,442 tarehe 21 Juni 1972. Huko juu injini ikazimika, haikuwaka tena, akashuka njia yote kwa mapanga yanayozungushwa na upepo tu mpaka akatua salama. Kwetu kisa hicho kilikuwa kama ngano ya babu. Kila tulipofanya zoezi la kushuka bila injini, na tulilifanya mno, mtu alimtaja Boulet.

Huey, helikopta ya turbini ya kampuni ileile ya Bell, sikuirusha kwa muda mrefu, sitakuchosha nayo. Iliruka mara ya kwanza tarehe 20 Oktoba 1956, na mapigo yake unayasikia kifuani kabla ya masikioni. Nilichokipenda ni uzito wa mapanga yake. Ulitua bila injini, kisha kwa nguvu iliyobaki kwenye mapanga ukaweza kuinyanyua tena kimo cha goti na kuitua mara ya pili.

Sasa nije kwenye neno lako gumu, kwamba ziliwaua rafiki zetu. Ni kweli, na sitaki kulipamba. Wanaosimulia ni wale waliobaki.

Bell 47 ilikuwa na kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa ya injini, na kabureta inaweza kuganda barafu hata siku ya joto, hewa ikiwa na unyevu. Siku moja nikishuka kwenye ukungu mwepesi, injini ikakohoa. Nikavuta kishikio cha kuipa kabureta hewa ya moto, ikakohoa zaidi barafu ilipoyeyuka na kupita ndani, kisha ikarudi. Nilipotulia nikatambua kitu kilichonitia baridi: kwa dakika kadhaa mkono wangu ulikuwa umeongeza mafuta kidogo kidogo, bila mimi kujua, ili kuulinda mzunguko. Mkono uliokuwa mwepesi kiasi hicho ulikuwa umenificha hatari.

Na helikopta za mapanga mawili ya kubembea zina jambo jingine. Ukivuka kilima ukausukuma usukani mbele kwa ghafla hadi mwili uwe mwepesi kitini, mapanga yanakosa mzigo, kichwa chake kinaugonga mhimili, na mhimili unaweza kukatika. Rafiki yangu mmoja alikufa hivyo. Asubuhi ile tulikunywa chai pamoja. Alikuwa na mkono mwororo kuliko wangu, na sikio kuliko langu, na havikumsaidia. Tukikutana sisi wazee, mazungumzo hufika mahali mtu akalitaja jina lake, kisha tunanyamaza. Wewe huwa unapita na sinia ya chai, unadhani tumechoka.

Kwa hiyo usidhani tunataka zirudi. Mwaka jana uliponikalisha kushoto kwako, ukaileta mashine juu ya uwanja, ukabonyeza kitufe na kuiachia, nayo ikasimama hewani kama iliyotundikwa. Mikono yako ilikuwa mapajani. Ulikuwa umegeuza shingo unatazama chini, unaangalia nyasi na watu, unahesabu nafasi kati ya mkia na miti. Katika miaka yangu yote kwenye Bell 47 sikuwahi kupata nafasi ya kutazama chini namna hiyo. Kama kungekuwa na mtu anayening'inia kwenye kamba chini yetu, ningetaka awe chini ya mashine yako, si yangu.

Lakini katika utulivu ule kifundo changu kilikuwa kinazunguka, na hakikupata wa kujibizana naye. Hicho ndicho tunachokikumbuka, mwanangu. Mashine zile hazikuweza kukaa hewani sekunde tatu bila sisi. Kila dakika ziliuliza, na jibu lilikuwa mkononi mwangu au mkononi mwa fundi, na tulilijua kwa ngozi. Saa moja nazo ilikuchosha kama kuzungumza na mtu unayempenda ambaye haachi kukuuliza mambo. Hisia hiyo sijaipata kwingine popote ila nilipokuwa nakulea wewe ukiwa mchanga, usiku, nikisikiliza pumzi zako gizani.

Mama yako anakusalimu na anasema usisahau kulala.

Ndani ya bahasha nimetia uzi mwekundu, urefu wa kiganja. Muulize fundi wenu kama inaruhusiwa. Akikubali, bandika ncha ya chini peke yake.

Baba yako