Bahari inayonukia tikiti

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimenunua manukato ya "upepo wa bahari". Mume wangu ni mvuvi, anacheka, eti yananukia tikiti maji. Nimeuziwa feki? – Mama Rukia, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Si lazima yawe feki, na mumeo ana pua nzuri. Huenda humo mna kaloni, kemikali iliyogunduliwa na kampuni ya dawa ya Pfizer mwaka 1966. Haina hata tone la maji ya bahari, hutengenezwa maabara. Ilikuja kuvuma miaka ya 1990, kwa manukato kama L'Eau d'Issey (1992) na Acqua di Giò (1996).

Nilipoinusa mara ya kwanza ikiwa kavu, chembe nyeupe kwenye kichupa, nilirudi nyuma: chaza wabichi, kisha ganda la tikiti, kisha kitu kama bati. Nikaiyeyusha kwenye spiriti, nikaipunguza na kuipunguza tena, ndipo upepo ukaja. Ina nguvu mno. Ikizidi kidogo tu, tikiti linatawala. Nahisi hapo ndipo aliyechanganya chupa yako alipokosea.

Na bahari anayoijua mumeo, ya mwani, chambo na nyavu mbichi, nani angejipaka shingoni?

Jipulizie kidogo, kwenye nguo, asubuhi. Asmini inapatana nayo. Udi hapana: nilijaribu siku ya harusi ya mpwa wangu, nikanuka kama mtu aliyemwagikiwa na juisi jikoni.