Kujitolea shambani ukiwa safarini: anza na viza

Dada, umeuliza kama ukijitolea kwa familia yenye kashamba ka kilimo hai nchi ya watu utalipwa, na kama viza ya utalii inatosha. Kulipwa hapana, unapewa chakula na pa kulala, we unatoa kama masaa manne mpaka sita ya kazi kwa siku, ndo utaratibu wa WWOOF, mtandao unaounganisha wanaojitolea na mashamba ya kilimo hai, ulioanzia Uingereza 1971. Ila viza usiichukulie poa kabisa, nchi nyingi uhamiaji wakisikia unafanya kazi upewe chakula na kitanda wanahesabu ni ajira hata kama hushiki hela, unaweza ukarudishwa hapohapo uwanja wa ndege, kwa hiyo waulize ubalozi wao kabla hujakata tiketi.

Halafu kazi yenyewe jua sana sana ni palizi. Hawapigi dawa ya magugu kwa hiyo unapiga magoti kwenye tuta unang'oa jani moja moja kwa vidole, na karoti ikiwa changa inafanana na majani balaa, mi siku ya kwanza niling'oa karoti zenyewe, mama mwenye shamba akachuchumaa pembeni yangu akanionyesha taratibu, jani la karoti ukilisugua linanukia karoti. Nilimpenda sana yule mama.

Ongea nao kwa video kwanza, uliza unalala wapi na nani, unapumzika siku gani, na ubaki na hela ya kuondokea pakikushinda. Wakikwepa maswali achana nao. Na chanjo ya pepopunda hakikisha unayo, mikono itashinda kwenye udongo na samadi.