Maswali Yenu: Claudia Cardinale na ile sauti yake

SWALI: Shikamoo dadangu. Mi nauza leso na vikuku hapa ufuoni Malindi, Kitaliano nimekiokota kwa wateja tu. Kuna mama mmoja Mtaliano kila akija ananiambia nina sauti nzito kama ya Claudia Cardinale, eti muigizaji mkubwa wa kwao na alizaliwa huku huku Afrika. Wenzangu wananicheka hii sauti mpaka nimeacha kwenda kwa kikundi chetu cha maigizo. Huyu mama ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa ama? Na ni kweli alimficha mtoto wake?
Binti wa Maweni, Malindi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujadanganywa hata kidogo. Claudia alizaliwa Aprili 1938 La Goulette, bandarini pale kando ya Tunis, wazazi asili yao Sicily, kwa hiyo alikua na Kisicily cha nyumbani, Kifaransa na Kiarabu cha Tunisia, hicho Kitaliano chenyewe alikuja kukijua akishaingia kwenye sinema, yaani wewe hapo umemtangulia! 1957 akashinda shindano la mrembo wa Kitaliano wa Tunisia, zawadi ikawa safari ya kwenda tamasha la filamu la Venice, na huko ndiko maprodyuza walikomuona.

Sasa sauti. Yake ilikuwa nzito, ina mkwaruzo, na lafudhi juu yake, basi wakubwa hawakuitaka. Italia siku zile maneno ya filamu yalikuwa yanarekodiwa baadaye studio, kwa hiyo ilikuwa rahisi tu, sura ni yako lakini anayeongea ni mwingine kabisa. Hata filamu ya Il Gattopardo ya mwongozaji Luchino Visconti, 1963, ambayo wengi wanamkumbuka nayo, unayemsikia si yeye. Mwaka huohuo mwongozaji mwingine, Federico Fellini, akamchukua kwenye filamu yake 8½ na akamwacha aongee mwenyewe, na kuanzia hapo ule mkwaruzo waliokuwa wakiukimbia ndio ukawa wa kumtambulisha. Mi roho huniuma nikifikiria angekubali kunyamazishwa moja kwa moja.

Kuhusu mtoto, jamani tusiseme alimficha kama vile alipenda. Alikuwa msichana mdogo, alibakwa, amelisema mwenyewe baadaye, akashika mimba na akamzaa Patrick huko London 1958. Prodyuza wake Franco Cristaldi akaogopa skendo, basi watu wakaambiwa huyo mtoto ni mdogo wake, miaka ikapita mama hawezi kumwita mwanawe mwanangu mbele za watu! Sishangai kwamba mwaka 2000 UNESCO ilimfanya balozi wake wa haki za wanawake. Kazi aliifanya zaidi ya miaka 60, amefariki Septemba 2025 Ufaransa akiwa na miaka 87.

Wewe rudi kwenye kikundi wiki hii hii, na uombe sehemu yenye maneno mengi, usikubali ya kusimama nyuma. Ukipata bando tafuta 8½ ya Kitaliano chenyewe, isiwe iliyotiwa Kiingereza, umsikie, halafu Un été à La Goulette ya Férid Boughedir, 1996, humo amerudi mtaani kwao na anaigiza kama Claudia mwenyewe. Mchezo wenu ukiwa tayari tuandikie mtauonyesha wapi, tuje.