Maswali na majibu: ginko, kumbukumbu, na hilo neno lenu "asili"

Wiki hii inboksi imejaa maswali ya vidonge vya kuongeza akili, karibu yote ginko (dondoo la majani ya mti wa ginko), machache huperzini na vinposetini, navyo vinauzwa kwa jina la mimea. Nimechagua nane. Wale mnaoandika "dokta dozi ni ngapi" halafu basi, hakuna umri, hakuna dawa unazotumia, hata kama ni yako au ya bibi yako hujasema, ujumbe wenu nimeufuta na nitaendelea kuufuta.

Shikamoo dokta. Mama ana miaka 76, ameanza kusahausahau. Nimnunulie ginko isije ikawa Alzheimer?

Marahaba. Kwa kuzuia, hapana, na hili wala siyo maoni yangu. Kule Marekani walichukua wazee 3,069 wa miaka 75 kwenda juu, nusu wakapewa ginko miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kama miaka 6 hivi. Majibu yakatoka 2008: kwenye kidonge kitupu waliopata dimensia (akili na kumbukumbu kupotea, Alzheimer ikiwa aina mojawapo) walikuwa 246, kwenye ginko 277. Tofauti hiyo kitakwimu ni ndogo, kwa hiyo usiseme ginko imewaletea ugonjwa, ila kinga ndo hamna. Wafaransa nao wakajaribu kwa wazee zaidi ya 2,800 waliokuwa wanalalamika kusahau, miaka 5, majibu yalipotoka 2012 yakawa yaleyale.

Nisiwe mchoyo: kwa mtu ambaye tayari ana dimensia ya mwanzo, wasimamizi wa dawa wa Ulaya wanakubali dondoo la ginko lililopimwa vizuri, miligramu 240 kwa siku, litumike kama dawa. Faida yenyewe ni ndogo, na inakuja baada ya daktari kusema huyu ana dimensia. Mama yako hajapimwa na mtu. Kusahau kunaletwa na upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi ikilala, sonona, kukosa usingizi, masikio kuanza kuziba (mtu hasikii vizuri nyie mnasema amesahau), na vidonge vyenyewe anavyomeza, hasa vile vya mzio vya zamani vinavyoleta usingizi. Mengi kati ya hayo yanatibika. Sasa wewe unampa kapsuli miezi minane mnasubiri, na B12 yake inazidi kushuka. Mpeleke akapimwe, na uende na mfuko wa dawa zake ZOTE.

Mimi mwanafunzi, 21, mitihani imekaribia. Inasaidia kushika haraka?

Hapana. Lala.

Dokta mnatutisha bure, haya ni majani tu, kitu cha asili kina madhara gani?

Nilijua utakuja, kila wiki unakuja kwa jina jingine. Kaa chini.

Kuna ua dogo jeupe linachomoza baridi ikiwa bado haijaisha, kwenye hilo ua na ndugu zake ndiko ilikotoka galantamini. Ni mmea, ni asili yako hiyohiyo. Ikapimwa, ikaonekana kweli inasaidia kidogo wagonjwa wa Alzheimer, Marekani wakaipitisha 2001, na leo inatolewa kwa cheti, unaanza na miligramu 8 kwa siku unapanda polepole, manake ukikurupuka unatapika na mapigo ya moyo yanaweza kushuka mpaka uanguke. Mmea ukiwa na nguvu ya kugusa ubongo unakuwa pia na nguvu ya kugusa tumbo na moyo, havitengani. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia kidonge chake kinabadilisha ubongo halafu hakina madhara HATA KIDOGO, jambo moja kati ya hayo mawili ni uongo, mwachie achague mwenyewe lipi.

Ginko sasa. Ina kemikali zinazopunguza kushikana kwa zile chembe za kugandisha damu. Kwenye yale majaribio makubwa walioitumia hawakuvuja damu kupita wenzao, hilo nalikubali, lakini zipo ripoti za mgonjwa mmojammoja aliyevuja damu jichoni au ndani ya fuvu, na wengi wao walikuwa wanameza na kitu kingine. Kama uko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, klopidogreli, aspirini ya kila siku, au unakula ibuprofeni kama karanga, usiongeze ginko juu yake bila kumwambia anayekuandikia dawa. Mwenye kifafa aiache kabisa, maana inaweza kuamsha degedege. Wa kawaida wataona kichwa kuuma, tumbo kuvurugika, kizunguzungu, vitu vya kupita.

Na linalonikera kuliko yote ni hili, mtu anaulizwa na daktari "unatumia dawa gani?" anajibu "hamna", na mkobani ana chupa tatu za saplimenti, eti zile siyo dawa. Zinaingia kwenye damu ileile jamani.

Tuna mti wa ginko kabisa. Si nichemshe majani tu, na mbegu nile, niokoe hela?

Usifanye. Majani mabichi yana asidi za ginko zinazoleta mzio na nyingine ni sumu kwa seli, kiwandani wanaziondoa mpaka zibaki chini ya sehemu 5 kwa milioni. Sufuria yako haina uwezo huo. Mbegu ndo mbaya zaidi: zina sumu inayopigana na vitamini B6, mtu anapata degedege, watoto hasa, na mbegu mbichi ni hatari kuliko zilizopikwa ila hata kupika hakuimalizi sumu yote. Akishakula na ameanza kutapika au kutikisika ni hospitali moja kwa moja, uwaambie amekula nini, kwa sababu hutibiwa kwa B6 na asiyeambiwa hawezi kubuni.

Na tafadhali msinitumie tena lile tangazo la "mti uliosalimika na bomu la Hiroshima". Ni kweli, ipo miti ya ginko iliyochipua tena baada ya 1945, na jamii yake ilikuwepo zama za dinosaria. Sasa mti kuwa mgumu kufa unahusiana vipi na wewe kusahau ulipoweka funguo?

Baba anatumia donepezili. Nimuongezee huperzini A zifanye kazi pamoja?

Hapana hapana hapana. Zinafanya kazi ILEILE. Donepezili, dawa ya Alzheimer, inazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na huperzini, inayotoka kwenye mmea mdogo wa Kichina, inazuia hichohicho. Hapo umempa dozi mbili za dawa moja bila kujua: kichefuchefu, kuhara, jasho, moyo kwenda polepole, kuzimia akiwa chooni. Na kwa taarifa yako, walipoijaribu Marekani kwa wagonjwa 210 wa Alzheimer, mikrogramu 200 mara mbili kwa siku kwa wiki 16, haikuishinda kidonge kitupu kwenye kipimo kikuu walichokuwa wamejiwekea. Kama ulishaanza kumpa, acha leo na umpigie daktari wake, usione aibu, utakuwa siyo wa kwanza.

Natafuta mimba, natumia vinposetini ya kuongeza umakini. Niendelee?

Acha leo. FDA, wasimamizi wa dawa na chakula wa Marekani, ilitoa onyo 2019 kwamba inaweza kusababisha mimba kuharibika au kudhuru ukuaji wa mtoto tumboni, na onyo lile ni kwa yeyote anayeweza kushika mimba, asisubiri mpaka kipimo kiseme ndiyo. Halafu chupa inachora majani wakati vinposetini yenyewe inatengenezwa maabara kutokana na kemikali ya mmea wa vinka, wala hamna anayeichuma shambani.

Nitajuaje chupa ni ya kweli? Na nilisoma inaleta kansa.

Lebo ya maana inasema ni dondoo la majani, asilimia 24 hivi flavonoidi na asilimia 6 terpeni laktoni (kemikali za jani lenyewe), na EGb 761 ndilo dondoo lililotumika kwenye yale majaribio. Ila namba kwenye karatasi haziaminiki peke yake. Wajanja huongeza rutini, flavonoidi ya bei rahisi kutoka mimea mingine, ili flavonoidi zionekane zimetimia, na 2015 China ilibidi ginko nyingi iondolewe sokoni baada ya watengenezaji kukutwa wanakamua kwa asidi kali badala ya njia iliyoruhusiwa. Tafuta muhuri wa mpimaji huru, lakini muhuri unakuhakikishia kilichomo tu, hauhakikishi kwamba utakumbuka kitu.

Kansa ni kwenye panya, waliolishwa dozi kubwa miaka miwili, ini likapata uvimbe. Shirika la WHO linaloshughulikia kansa likaiweka kundi la 2B, yaani "huenda". Binafsi haininyimi usingizi kama warfarini ya juu kule, ila mtu mzima asiye na ugonjwa kumeza kila siku miaka kumi kwa faida ambayo haijaonekana, mimi sioni sababu.

Nafanyiwa operesheni wiki ijayo, ginko nimekuwa natumia miezi sita. Niache usiku wa kuamkia?

Usiku wa kuamkia umechelewa. Kawaida watu wa ganzi wanataka uache wiki 2 kabla, kwa ajili ya damu, na wewe zimebaki siku saba. Acha sasa hivi, na upige simu huko utakakofanyiwa uwaambie jina, miligramu, na siku uliyomeza mara ya mwisho. Wao ndo wataamua waendelee au wasogeze tarehe. Na kama unameza aspirini usiiache kwa kichwa chako, uliza kwenye simu hiyohiyo.