Ekzosi mpya na filta ya wazi ushafunga, petroli je?

Vijana wengi hapa mjini wakipata vijisenti wanakimbilia ekzosi, halafu ile filta ya wazi ya kukaza na klipu, boksi la hewa linatupwa huko, honda (pikipiki yoyote hiyo) ikinguruma mtaa mzima ukasikia basi mtu anaona kazi imekwisha. Bado. Hewa umeiongeza, moshi unatoka bila kizuizi, lakini jeti, vile vijitundu vya kupitishia petroli ndani ya kabureta, ni zile zile za kiwandani. Hapo ndo honda inaanza kukatakata ukivuta mafuta, ukiachia ekzosi pa! pa!, injini inachemka, na ukizidi kuikamua hivyo hivyo pistoni inaungua.

Mie kwenye honda ya kabureta naanza na kuvuja. Mpira wa kabureta usiwe na ufa, gasketi ya ekzosi ikae sawa, maana ikivuja pale kwenye hedi (kichwa cha injini) itapiga tu hata ubadilishe jeti duka zima. Halafu jeti kubwa, hii ndo inalisha kuanzia robo tatu ya mkono wa mafuta mpaka mwisho. Namba imeandikwa juu yake, kama ni 100 jaribu 105, usirukie 120 eti fundi kasema. Na jeti inunuliwe, mtu asikupanulie tundu kwa waya, ikishaharibika huna pa kurudi.

Utajuaje imetosha? Si kwa mlio, plagi ndo inasema. Toka asubuhi mapema njia ya Tunguu, nje ya mji wa Unguja, gari hazijawa nyingi, helmeti kichwani, injini ishapata moto, gia ya tatu ili usiende mbio sana, vuta mpaka mwisho kidogo, kamata klachi, zima hapo hapo, jivute pembeni ufungue plagi (ya moto hiyo, chukua kitambara). Nyeupe, petroli ndogo. Nyeusi ina masizi, imezidi. Rangi ya chai ya maziwa ndo penyewe.

Katikati ya mkono ni sindano ya ndani ya kabureta, ile klipu yake ukiishusha kikato kimoja sindano inapanda na petroli inaongezeka. Mwisho skrubu ya chini, ya pale mkono umeuachia, na hapa wengi wanachanganya: ikiwa upande wa filta ni ya hewa, ukifungua unapunguza petroli, ikiwa upande wa injini ni ya petroli, ukifungua unaongeza. Itazame kwanza iko wapi.

Kabureta zenye daiyafram (kiwambo cha mpira ndani) hazipatani na filta ya wazi, utahangaika nazo. Honda za injeksheni, zinazopuliziwa petroli bila kabureta, ndo hazina jeti kabisa, kompyuta yake inajirekebisha kidogo tu, zaidi ya hapo inataka kupangwa upya na mtu mwenye vifaa.

Halafu masika yakifika, filta ya wazi inakunywa maji ya dimbwi. Kwa honda ya kwendea kazini mie nabakisha ekzosi, boksi la hewa nalirudisha, na ukilirudisha jeti nayo ushushe.