Kununua na Kutumia Kiko: Angalia Tundu Kabla ya Urembo

Mnunuzi wa kiko akifika kwenye meza ya mchongaji, jicho hukimbilia kichwa cha simba kilichochongwa pembeni. Nakshi haivutiki. Kinachoamua kama kiko kitafanya kazi ni tundu linalotoka kwenye bakuli kuelekea kwenye mrija, na hilo ndilo la kukagua kabla hujauliza bei.

Tundu litokee chini kabisa, kwenye sakafu ya bakuli. Likitokea juu hata kwa milimita 3, majani yaliyo chini yake hayapati hewa. Hayaungui, yanabaki yamelowa, yanakusanya maji machungu, na maji hayo ndiyo yanayokuja mdomoni. Upana unaofaa ni milimita 3.5 hadi 4. Nenda sokoni na spoku ya baiskeli, ambayo unene wake ni kama milimita 2. Kwa kiko kilichonyooka, ipenyeze kuanzia ncha ya mrija inayoingia mdomoni: ipite bila kukwama, uione ncha yake ikichungulia ndani ya bakuli. Kisha kivute kikiwa kitupu. Kikipiga filimbi au kikitaka nguvu ya mashavu, kirudishe mezani.

Bakuli lenyewe liwe na upana wa ndani wa milimita 18 hadi 20 na kina cha 30 hadi 35. Ukuta wa kiko cha mbao usipungue milimita 6. Ukiwa mwembamba utaunguza vidole na hatimaye utatoboka.

Viko vya mbao vinavyosifiwa duniani huchongwa kutoka kwenye nundu la mzizi wa Erica arborea, kichaka kinachoota pia kwenye milima yetu, ingawa nundu za viko hutoka nchi za Mediterania. Ukichongewa hapa, taka mti mgumu uliokauka sawasawa, na ndani ya bakuli kusiwe na vanishi wala rangi. Hilo halina mjadala: vanishi ikipata moto unavuta vanishi.

Jiwe la Kisii, lile linalochongwa huko Tabaka, Kisii, hupendeza na haliungui, lakini ni zito, huvunjika likianguka, na hushika joto muda mrefu baada ya moto kuzima. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo kioshe kiko kipya kwa maji, pitisha waya wenye pamba kwenye tundu mpaka pamba itoke safi, ndipo ukikaushe. Cha udongo kigonge kwa ukucha jinsi unavyopima chungu kwenye soko la Kibuye, Kisumu: mlio mkali unaonyesha kimeiva na hakina ufa, mlio mzito ukiache. Midomo hunata kwenye udongo mkavu, basi paka nta kidogo kwenye ncha. Kiko cha gunzi ndicho rahisi zaidi kwa anayeanza. Huko Missouri, Marekani, vimetengenezwa kibiashara tangu 1869. Gunzi likauke kabisa kabla ya kutobolewa, na ujue litachakaa mapema.

Usijiundie kiko kwa kopo la soda, plastiki au bomba la mabati. Zinki iliyo juu ya mabati ikipata moto mkali hutoa moshi unaoleta homa. Wala usikate mrija kutoka kwenye oleanda ya ua. Mti mzima una sumu.

Sasa majani. Kisumu, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei, unyevu ndio adui mkubwa. Finya majani kwa vidole viwili kisha uachie. Yakibaki donge, yamelowa. Yakigeuka unga, yamekauka mno. Yakifunguka polepole, yako tayari. Yaliyolowa yatandaze kwenye karatasi kivulini kwa nusu saa, upime tena. Nakuru kukiwa kukavu tatizo hugeuka, kwa hiyo hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Ukiona ukungu, tupa yote, usichambue. Tumbaku ya ugoro iliyochanganywa na magadi si ya kiko: inapenya kwenye tundu na kuchoma mdomo.

Jaza kwa mafungu matatu. La kwanza lidondoshe bila kukandamiza, la pili libonyeze kidogo, la tatu libonyeze zaidi. Ukivuta kabla ya kuwasha, hewa ije kama unavyonyonya soda kwa mrija. Ikiwa nzito, mwaga uanze upya. Kujaza kupita kiasi hakurekebishwi kwa kuvuta kwa nguvu. Washa kwa njiti, ukizungusha moto juu yote. Majani yatainuka na huenda yakazima. Bonyeza taratibu, washa mara ya pili. Baada ya hapo vuta polepole, mara moja au mbili kwa dakika. Ulimi ukiwaka, chanzo ni mvuke: ama majani yamelowa, ama unavuta kwa pupa. Kiko kikianza kugugumia, penyeza waya wenye pamba hadi kwenye bakuli, unyonye maji.

Moshi wa kiko haupelekwi mapafuni, na hata hivyo hauna usalama. Jani lolote likiungua hutoa lami na kaboni monoksaidi, liwe tumbaku au mnanaa, na tumbaku huleta uraibu na saratani ya mdomo. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto wasikaribie. Ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu, zima hapo hapo, toka nje upate hewa. Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta kwenye maeneo ya umma na kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Bangi ni haramu, na sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inafanya kuwa na kiko cha kuivutia kuwa kosa pia.

Kiko kipya cha mbao kijaze nusu tu kwa mara tano au sita za mwanzo, ili tabaka la masizi lijijenge ndani na kulinda mbao. Tabaka hilo likizidi unene wa milimita 1, likwangue kwa kisu butu, la sivyo litavimba kwa joto na kupasua bakuli. Usichomoe mrija kiko kikiwa moto, shingo hupasuka. Majivu yamwage, usigonge kiko ukutani. Kipumzishe siku nzima kabla ya kukijaza tena, na kama harufu imekuwa kali, jaza bakuli pamba, idondoshee spiriti, iache hadi asubuhi. Pamba itatoka ya kahawia. Acha spiriti ikauke kabisa, walau siku mbili, kabla ya kusogeza moto karibu.