Wiki ya kwanza kwa familia mwenyeji Hispania

Unauliza kama uhame, kwa sababu chakula cha usiku kinachelewa na mezani huambulii neno. Usihame bado, ndugu yangu. Hispania mlo mkubwa ni wa mchana, saa nane au tisa hivi, na wa usiku huliwa saa tatu, hata saa nne. Jioni tafuna kitu kidogo, njaa isikugombanishe na wenyeji bure.

La lugha ndilo zito. Wakishakula hawainuki, hubaki wakipiga soga, na wana neno lake kabisa: sobremesa. Darasa lako liko hapo, pengine kuliko hilo unalolilipia, nawe unakimbilia chumbani kwa aibu! Kaa. Wakienda mbio sema «más despacio, por favor», yaani polepole zaidi, tafadhali. Kwa mzee wa nyumba anza na usted, yaani «wewe» ya heshima. Mara nyingi mwenyewe atakwambia utumie tú, «wewe» ya kawaida.

Mambo ya kufua na maji ya moto, uliza, usikisie. Ila kama unalala njaa kweli, au mtu anaingia chumbani mwako bila hodi, hilo si la kuzoea: iambie shule leo.